Kadi Ishirini na Tatu Kwenye Mfuko wa Sembe

Acha nijiseme mwenyewe kabla hamjanisema, maana kuna akina mama Morogoro mpaka leo wakiniona wanabana kadi zao kwapani, na wana haki.

Enzi hizo mitumba ndiyo inamwagika, maduka ya dawa ya watu binafsi yanafunguliwa kila kona, na mimi (darasa la saba, mengine nimejifundisha kwenye magazeti ya kufungia maandazi) nilikuwa karani wa kujitolea kwenye kituo cha afya chini ya mlima. Bosi wangu alikuwa nesi, Dada Sabina, mtu ambaye ukimsema vibaya mbele yangu tunashikana mashati. Kilio chake kilikuwa kimoja: Jumatatu kupima watoto, Jumatano wajawazito, Ijumaa dawa za kifua kikuu, kwa hiyo mama mmoja wa huko juu Uluguru anateremka na kupanda mara tatu kwa wiki, ana mimba, ana mtoto mgongoni. Yeye alitaka kamati ya afya ya wilaya iruhusu huduma zote kila siku. Alipowapelekea hesabu, mzee mmoja wa kamati (ana duka la dawa, tuyaache hayo) akasema, "Namba hata mimi napika."

Nilichemka mimi, siyo Sabina. Wakampa nafasi ya pili, akaniambia, "Nakili tarehe za kwenye kadi za akina mama, utulie." Ninakili ili waseme tena nimepika? Jumatatu nikapita kwenye benchi, wale wajawazito waliokuja kupimisha watoto nikawaambia, "Mama zangu, niachieni kadi zenu, wakubwa wazione kwa macho." Wakaniachia ishirini na tatu, nikazitia kwenye mfuko wa sembe, nikajiona msomi.

Kikao kilikuwa Jumatano. Jumatano, siku ya wajawazito, na wala sikushtuka.

Basi nimesimama ofisi ya wilaya na koti langu la mtumba lenye mabega mapana, Dada Sabina kakaa pembeni, kadi nimezitandaza mezani, moja nimeiinua juu, nasema, "Waheshimiwa, mama huyu anateremshwa mlima bure," mlango ukafunguka. Akaingia Mama Mwanaidi, mimba ya miezi minane, matope mpaka magotini, nyuma yake wenzake wamejaa kwenye korido.

"Shikamooni wazee," akasema kwa adabu zote, kisha akanigeukia. "Na wewe wa koti. Kadi yangu."

"Mama, subiri kidogo, ndo tunawatetea hapa."

"Mnatutetea nini? Nesi mliyemwacha kule kasema bila kadi hapimi mtu. Nimetoka nyumbani alfajiri. Napanda tena na nini?"

Mzee wa duka la dawa akavua miwani. "Kijana, hebu rudia. Nani kamteremsha bure?"

Nikaanza kuita majina, kadi zimechanganyika, jasho linaingia machoni, na kila mama anayepokea yake ananiachia neno. ("Huyu ndo karani? Haya.") Dada Sabina hakunitazama hata mara moja, hilo ndilo lililoniuma. Akamuuliza tu Mama Mwanaidi, "Jumatatu ulikuja?"

"Nilikuja na mtoto. Leo hivi. Ijumaa namleta mama mkwe kwenye dawa za kifua." Akapandisha mguu kwenye kiti, umevimba, nyayo zimepasuka. "Au na huu nimeupika?"

Kumbe habari ya kupika ilishafika mpaka kwenye benchi la kituo, korido nzima inaijua. Mzee akavaa miwani yake, akauinamia mguu ule.

Wakakubali tujaribu miezi mitatu, mama akija siku yoyote ahudumiwe yote. Halafu wakaongeza azimio la pili, na kwa kuwa karani ni mimi, niliandika kwa mkono wangu: karani asiondoke na kadi ya mama yeyote. Dada Sabina akalibandika juu ya benchi, na Mama Mwanaidi, ambaye hajui kusoma, kila akija aliniita nimsomee kwa sauti.

Siku hizi ukitaka ushahidi nanakili. Nanakili mpaka vidole vinakufa ganzi, na mwenye kadi yake kakaa hapohapo ameishika ncha.