Walipozima Nyimbo kwa Ajili ya Mama

Katika kikundi cha mama yangu hakuna aliyejulikana kwa jina. Walijuana kwa kile kinachosikika nyuma ya sauti zao. Mwenye kikundi, mkazi wa Mtwara, aliitwa Mama wa Jogoo, kwa sababu hakuna ujumbe wake hata mmoja uliokwisha bila jogoo kuwika, uwe wa asubuhi au wa magharibi. Mwingine aliitwa Mama wa Cherehani. Huyo ni mtu wa Mucojo, lakini vita vilimpeleka Pemba, mji wa huku kwetu kusini mwa Ruvuma, si kile kisiwa, na huko akabaki akishona. Hata alipokuwa akitoa salamu mguu wake haukuacha kukanyaga. Mama yangu walimwita Mama wa Kicheko. Kicheko chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha baba, aliyekuwa akikaa nyuma yake barazani na kumcheka kila alipoishika simu na kuanza kusema.

Kilikuwa kikundi cha simuni cha wapenzi wa mwimbaji mmoja wa kike wa taarabu, wa ng'ambo ya Ruvuma. Simtaji, maana nikimtaja tu wapenzi wa mahasimu wake wataniandama, na mimi ubishi wa taarabu siuwezi. Walitumiana nyimbo zake, wakachambua mafumbo yake ubeti kwa ubeti, na katikati ya nyimbo walionyeshana kazi za mikono: ukili uliotiwa rangi, foronya zilizodariziwa, vitambaa vya meza vya kufuma. Karibu wote walikuwa hawajawahi kuonana. Mama hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo yeye aliingia kwa mlango wa sauti. Simu niliinunua mimi nilipokuwa nikifanya kazi jikoni kwenye kambi ya gesi ya Afungi, nikamfundisha pa kubonyeza. Siku ya kwanza alibonyeza akasahau kusema, na kikundi kizima kikapokea pumzi zake tu. Alipokwisha kujua, hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Ujumbe wake ulianza na salamu kwa kila mmoja, na watoto wao, na jogoo wa watu, ndipo aingie kwenye wimbo. Ujanani aliongoza kuimba katika kundi la tufo, ngoma ya wanawake wa pwani yetu, na sikio lake halikuwa na huruma. "Hapo ubeti wa pili kavuta pumzi mapema," alisema. "Au kachoka, au kagombana na ntu. Lakini sauti anayo, Mungu amhifadhi." Nyuma yake baba alicheka. Nami nilikaa kando na uzi wangu, nikifuma, nikijifanya sisikilizi.

Tatizo lilikuwa kuzipata hizo nyimbo. Kijijini kwetu Olumbi rede, yaani mtandao wa simu, haina adabu: ipo, haipo. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu, na juu ya kichuguu, ukiinua mkono, wimbo unateremka. Mama ana goti bovu. Basi baba, mtu mzima na heshima zake, aliyeuza chumvi na samaki wakavu mpaka Palma na kila mtu akamjua, alikuwa akitoka kuswali alasiri anapanda kichuguu na kofia yake kichwani na kuinua simu mbinguni. Wapita njia wa barabara kubwa walimtania: "Mzee, waadhini tena?" Na yeye hujibu bila kugeuka, "Namteremshia nke wangu nke mwenziwe." Aliporudi alimpa mama simu na kumwambia, "Huyu ntu wako ana sauti, lakini mega zangu za simu kazila zote." Sikuwahi kumsikia baba akimwambia mama kwamba anampenda. Nadhani hakuona haja.

Baba hakuumwa sana. Alilala na homa, tukadhani ni homa, na kabla hatujapata gari la kumpeleka Palma alikuwa ametutoka. Mama akaingia eda. Akavua bangili, akavaa nguo zake zilizopauka, akakaa chumbani na ukindu wake, akisuka. Tulipomaliza hitima aliniita, akaninyooshea simu.

"Nitoe mle kikundini, mwanangu."

"Mama, ukitoka bila neno watadhani umegombana nao."

"Basi waambie neno. Lakini mimi na nyimbo basi. Nani atanipandia kichuguu?"

Sikumtoa. Mwenye kufiwa hukata mambo mengi kwa siku moja, na si yote ya kukubaliwa. Nilipanda kichuguu mwenyewe, nikatuma ujumbe kwa sauti yangu, kwamba mzee ametangulia, mama yuko eda, wawe radhi naye kwa kimya chake. Kisha nikaizima simu nikaitia katika kapu langu la nyuzi.

Ilikaa humo muda mrefu. Nilipoiwasha tena nilikuwa na hofu ya saldo yangu, salio la simu, maana niliwajua wale wanawake. Nilitegemea mlima wa nyimbo. Nilikuta inna lillahi na dua, nyingi sana, mpaka za watu ambao sauti zao nilikuwa sijawahi kuzisikia. Baada ya dua nikakuta picha za kazi za mikono. Ukili. Vitambaa. Mmoja alikuwa amefuma kofia ya mjukuu wake, amekosea, akafumua, akafuma tena. Na nyimbo? Niliupandisha ukurasa juu, nikaushusha chini. Hata moja.

Mimi sina kifua cha kuweka neno. Damu ilinipanda. Nikajua tu kwamba wamefungua kikundi kingine, wanaimba huko, na hiki wametuachia sisi wafiwa tukilinde kama kaburi. Nikamtumia Mama wa Jogoo, yeye peke yake: "Shikamoo mama. Naona nyimbo mmezihamishia kwingine. Mngetuambia tu, tusingelia."

Jibu lilikuja upesi, na jogoo juu yake. "Marahaba, mwanangu. Hebu vuta pumzi kwanza. Huko kwenu jirani akifiwa, wewe wafungulia redio?" Jogoo akawika, mwenyewe akamfukuza, akarudi kwenye simu. "Hufungulii. Sasa sisi ukuta wetu ndio huu. Mama yako yuko eda, na sisi tupo upande wa pili wa ukuta. Halafu yule mzee tumemsikia akicheka miaka hii yote, alikuwa mzee wetu na sisi. Hakuna aliyehama. Tumezima tu."

Bado nilikuwa juu ya kichuguu. Niliandika ahsante, nikaiona ndogo, nikaifuta, nikaiandika tena kwa kuwa sikuwa na nyingine. Wale watu hawajawahi kunywa maji katika nyumba yetu. Wengine hata Olumbi hawajui iko wapi.

Nilimwambia mama. Aliacha kusuka, akautazama ukili mkononi kana kwamba umesukwa na mtu mwingine. "Waambie waimbe," alisema. "Wasijifunge kwa ajili yangu." Nikawaambia. Wakajibu kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kwamba ruhusa ya namna hiyo haitumwi mtoto. Mama akitoka eda ataitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, na kabla ya hapo hakuna haraka.

Hakuna haraka, walisema, na katikati ya eda yule mwimbaji wao akatoa wimbo mpya. Niliusikia kwenye pikipiki za barabarani, nikausikia kibandani nilipokwenda kununua sukari. Ulikuwa mtamu, na ulikuwa na fumbo ndani yake ambalo siku nyingine lingewapa kazi ya mwezi mzima. Kikundini kimya. Mmoja alileta picha ya kitambaa chake na kueleza, "Nimekifuma huku nikisikiliza..." Muda si muda ujumbe ukafutwa, ikabaki picha peke yake. Niliwacheka peke yangu, nikawapenda sana. Shabiki kuunyamazia wimbo mpya ni kufunga na futari iko mbele yako.

Eda ikaisha. Wanawake wa jirani walikuja, wakamwogesha mama, wakamvika kapulana mpya, wakamfukiza udi, tukala pilau. Jioni nilimpelekea simu. Aliipokea, akaitia chini ya mto. "Baadaye," akasema.

Baadaye hiyo haikuja. Kila nilipomkumbusha ilikuwa baadaye, au goti lauma, au acha nimalize nkeka huu kwanza. Alikuwa anakula, anaswali, anapokea wageni vizuri. Mtu asiyemjua angesema kapoa. Lakini zamani mama alikuwa hasuki bila kuimba kwa pua. Ulikuwa ukijua yuko chumba gani kwa kumsikia tu. Sasa ilinibidi niende nikamtazame. Nilikuwa nasimama mlangoni, naona vidole vinakwenda na midomo imefungwa, narudi jikoni. Niliogopa, nasema wazi. Niliona kwamba furaha ya mama ilikuwa inakauka mbele ya macho yangu, na kwamba kule upande wa pili kundi la wanawake limekaa limefumba midomo, likimngoja, na pengine watangoja mpaka wachoke waondoke mmoja mmoja. Hapo mama angekuwa amepoteza vyote.

Kisha Mama wa Cherehani akaleta ujumbe. Hakuuleta kikundini, aliuleta kwa mama mwenyewe. Nilikuwa nimepanda kichuguu na simu yake kuchukua salamu, nikaushusha mpaka chumbani bila kuufungua, nikamwekea. Tuliusikiliza pamoja. Cherehani ilikuwa inakwenda, kisha ikasimama. Sikuwahi kuisikia ikisimama.

"Dada yangu, shikamoo. Nimesita sana kukuletea neno hili. Binti yangu mkubwa aolewa Ijumaa. Na mimi ntu wa Mucojo, wajua, huku Pemba ndugu sina wa kunisimamia, ndugu zangu ni nyie wa kwenye simu. Wamesema watanitumia nyimbo, wataimba nami hapo hapo, tumpeleke mwali wetu. Lakini nimewaambia hapana, kuna jirani yetu bado. Ukisema tusipige, dada, hatupigi. Wallahi tutamwoza kwa dua tu, na itatosha. Nimekuja kuomba ruhusa."

Mama aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Yaani waniuliza mimi? Harusi ya mwanawe aniulize mimi?"

"Ndivyo walivyoamua, mama."

"Ntoto aolewe kimya? Kwa sababu ya nani?" Alikuwa na hasira, na nilifurahi kuiona, ilikuwa muda mrefu hajakasirika. Kisha hasira ikaisha, akashika ukili, akasuka kidogo, akaukosea, akaufumua. "Nami nikifungua mdomo," alisema polepole, "nitakuwa nimekubali kwamba hayupo. Wewe waelewa?"

Nilisema naelewa. Nilimshika mguu, ule wa goti bovu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

"Na nisipofungua hayupo vilevile," akasema.

Alitaka simu. Alibonyeza, akasema bismillahi, akafuta. Akabonyeza tena, akafuta. Kisha akanigeukia kwa sauti yake ya zamani, ile ya kunitoa mahali. "Wewe wanikodolea macho ya nini? Nenda kapike."

Nilikwenda, lakini sikupika. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, sikio upande wa ukuta. Nilimsikia akiwasalimu, mmoja mmoja, hakumruka mtu. Akawashukuru kwa kumstahi. Akasema mume wake alikuwa ntu wa kucheka, na asingependa binti wa watu aingie nyumbani kwake kimya kama mwizi. "Basi nimetoa ruhusa," alisema. "Pigeni. Na mimi hapa nilipo ni mama wa mwali, nami natoa changu."

Akakohoa mara mbili. Nilidhani ameshindwa.

Kisha akapiga kigelegele. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika katikati. Nikamsikia akivuta pumzi, na akakianza upya, kirefu, mpaka kuku wa uani wakatawanyika na jirani akaita kuuliza kuna nini. Nililia kwa sauti na sikujali nani ananisikia. Siku ile ya mazishi nilikuwa nimewazika wote wawili, na sikulijua hilo mpaka nilipomsikia mmoja wao chumbani.