Mkono Uliokamua Hewa

Poleni, familia, mmeuliza tangu asubuhi na ndio tu tumefika nyumbani Lanet, mtoto akalala.

MKONO UMESONGA!

Watafiti walimvalisha Baba Shiru kofia ya kusoma ubongo. Mkono bandia ulikuwa mezani, mbali naye, bila waya wowote.

"Fikiria unafunga ngumi."

Wapi! Mara kumi, wapi. Daktari akasema itabidi watafute mtu mwingine.

Nikamwambia, "Baba Shiru, achana na ngumi. Kamua ng'ombe!"

Jamani, vidole vikaanza! Kamua, achilia, kamua, achilia. Yeye analia, mimi nacheka.

Tunarudi kwa watafiti Alhamisi. Shosho, mama mkwe wangu, ile ndoo ya kukamulia niliyokurudishia mwanao Baba Shiru alipokatwa mkono na mashine ya kukatia nyasi, itume. Na kistuli. Na mafuta ya kukamulia.

Ng'ombe abaki kwanza.