Bila mpira wa zamani, gari la Taratibu haliwashwi

"Huwashi."

"Nani kasema siwashi?"

"Mimi nimesema. Mpira uko wapi?"

"Umeanguka huko, mama watoto. Kidude chenyewe cheusi, utakionea wapi? Lete funguo."

"Tafuta kwanza."

"Mgonjwa ananisubiri!"

"Basi tafuta haraka."

Ni asubuhi, jua halijapanda ukuta, na mwanamume anayegombania funguo za gari lake mwenyewe ni dereva wa teksi. Mtaani wanamwita Taratibu. Ndivyo anavyoendesha. Baiskeli zinampita, na wenye baiskeli wanageuka kumpa pole.

Mkewe ni fundi cherehani. Amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje, funguo kazitia mfukoni mwa gauni. Hana dalili ya kuhama.

Taratibu anabeba wagonjwa. Wanaokwenda kliniki, wanaotoka wodini, wanaoshonwa leo na kurudi wiki ijayo kutolewa nyuzi. Watu wa namna hiyo hawataki dereva wa kukata kona. Wanamtaka yeye. Ndiyo maana hii teksi kuukuu inalisha nyumba nzima, na ndiyo maana oili yake haibadilishwi na mtu mwingine. Anaibadilisha mwenyewe, hapa uani, penye saruji iliyolala sawa.

"Gari likiinama hata kidogo, kipimo kinakudanganya," anasema. "Unaona oili imejaa, kumbe imekimbilia upande mmoja."

Ana utaratibu wake. Anawasha injini ipate joto kidogo, oili ilainike, halafu anazima na kusubiri, maana oili ya moto inababua mkono. Akishainua gari kwa jeki anaweka stendi za chuma. Chini ya jeki peke yake haingii hata umlipe. "Jeki haina undugu," anasema. Nati ya chini, ya kumwagia oili, anaigusa kwanza kwa kidole, anaitazama, ndipo anaweka spana. Kuna jirani yake alifungua nati ya giaboksi akidhani ni ya injini. Akamwaga oili nzuri ya giaboksi, akaongeza ya injini juu ya ile ya zamani, akapiga honi mtaa mzima ujue kamaliza kazi. Hakufika mbali.

Halafu kuna boksi.

Kila kinachotoka kwenye gari, na kila kilichotumika, kinalala juu ya kipande cha boksi kando ya ukuta. Filta ya zamani, mpira wake, kile kipete cha shaba cha kwenye nati, spana, kitambaa. Kazi ikiisha, mkewe anatoka kwenye cherehani, anakagua. Kikikosekana kimoja, gari haliwashwi. Sheria hiyo aliitunga Taratibu mwenyewe, tena kwa kelele.

Leo boksi lina kila kitu isipokuwa mpira. Filta ya zamani imelala chali, mdomo mtupu.

Mpira wenyewe ni kiduara cha kuziba filta isivuje, mtu angeutupa asijali. Shida ni kwamba filta mpya inakuja na wa kwake. Wa zamani ukinata kwenye injini usiuone, ukafunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili. Haikai vizuri. Ukiwasha, oili inasukumwa kwa nguvu, inapenya pale, inamwagika barabarani huku wewe unaimba. Injini inakauka. Inanoki, inakufa.

Taratibu hahitaji kuhadithiwa. Injini ya kwanza ya gari hili ilikufa hivyo hivyo. Oili ilibadilishwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi magari, hapa hapa uani.

"Alikuwa anaongea na simu," Taratibu anasema, na hili amelisema mara nyingi, linatoka limenyooka. "Simu begani, filta mkononi. Yeye anacheka na mchumba, mimi nazikwa."

Gari likalala karibu mwaka mzima. Kuku wakataga kiti cha nyuma. Nyumba ikaendeshwa na cherehani, na Taratibu akapewa kazi ya kushona vifungo.

"Mimi sioni aibu. Vifungo vyangu havijamdondokea mtu."

Injini ya pili, iliyokwishatumika, ilipatikana baada ya mkewe kuuza cherehani yake kubwa. Akabaki na ndogo, ile ya kukanyaga. Hakuna kingine cha kuuza. Akipita karibu na gari anagonga boneti, anasema, "Hujambo cherehani yangu."

Shemeji akapigwa marufuku. Kuja anakuja, kula anakula, lakini akisogea upande wa gari Taratibu anakohoa. Amempa na jina: Mipira Miwili. "Mipira Miwili, karibu chai." Mkewe hucheka na wengine, halafu huenda kuosha vyombo kwa kishindo.

Leo hacheki.

"Nani alikuwa anaongea na simu chini ya gari?" anauliza kutoka kwenye kiti.

"Mgonjwa alipiga. Nisipokee?"

"Ilikuwa wapi hiyo simu?"

Taratibu anainama kupanga spana kwenye boksi.

"Nimekuona dirishani. Ilikuwa begani."

"Mimi si kaka yako, bwana."

"Sijamtaja kaka yangu. Inua gari."

Gari limeshashushwa, oili mpya imeshamiminwa, kipimo kimeshatazamwa. Kuinua tena ni kazi upya. Anainua, anasonya kwa kila pampu ya jeki. Anaweka stendi. Hasira haijamsahaulisha stendi. Anaingia chini kwa mgongo, miguu tu ndiyo inabaki nje, inabishana peke yake.

"Nakutolea filta uone! Uone ulivyonichelewesha!"

Filta inalegea. Oili kidogo inadondoka kwenye karai. Kisha miguu inatulia.

Inatulia sana.

Anatoka polepole, mkono mbele, mpira mweusi umekaa kwenye kidole cha shahada. Anakwenda kwenye boksi, anauweka mahali pake.

"Usiseme," anasema.

"Sijasema."

"Unasema kwa macho."

Mkewe anashuka, anausogeza mpira kidogo ukae sawa na vingine. Kwa muda mrefu Taratibu amekuwa akieleza mpango wake kwa kila abiria wake: kupata gari la pili, refu, la mgonjwa kuingia na kiti chake cha magurudumu, bila kubebwa kama gunia. Magari mawili hatayaweza peke yake. Atatafuta fundi, husema, fundi aliyekwishaumwa na kosa, maana huyo ndiye anayeangalia mara mbili.

"Huyo fundi wako aliyeumwa," mkewe anasema. "Umeshampata?"

Taratibu anafuta mikono. Anafuta hata pasipo na oili.

"Mwite," anasema mwishowe. "Mwite kaka yako Jumapili. Lakini kukagua boksi unakagua wewe."

"Wote wawili nawakagua."

"Na asije na simu."

Mkewe ananyoosha kiganja. Taratibu anakitazama, anatazama mbingu, anachomoa simu mfukoni na kuiweka pale. Filta bado haijafungwa. Funguo bado ziko kwenye gauni. Simu inaita papo hapo.

"Anakuja, mama," mkewe anamwambia mgonjwa. "Taratibu, lakini anakuja."

Anageuka, anarudi kwenye cherehani yake.