Kidole cha Mama

Ofisini walimwita Bi Kasoro, maana kazi yake ilikuwa kutafuta makosa kwenye programu za simu kabla wateja hawajayakuta. Alikuwa na mtindo wake: alijifanya marehemu mama yake. Alibonyeza kitufe kwa nguvu kana kwamba anagonga mlango wa kiziwi, akabonyeza tena kabla ya kujibiwa, halafu akanung'unika, "Mbona kimya? Limelala hili?" Wenzake walivunjika mbavu.

Siku hizi majaribio yote yanafanywa na mashine. Bosi hakumfukuza, alimpandisha cheo. "Dada, hata kubonyeza mara mbili mbili tumeifundisha. Wewe kaa tu, uangalie majibu."

Basi akakaa. Majibu yalikuja kijani tupu, hakuna kosa, na kusema kweli mashine ilikuwa inaijua kazi. Hilo ndilo lililomuudhi. Siku moja alifunga mlango, akachukua simu ya majaribio, akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza tena. Programu ikaitika palepale.

"Mbona kimya?" aliuliza hata hivyo, na safari hii hakuwa akiisemesha simu.