Jumapili Mzungu Alipoona Miguu ya Dada

Enzi zetu pale Kibiti mtoto alijua kuogopa. Wa leo ukimuuliza anaogopa nini, atakwambia simu kuisha chaji. Sisi tulimwogopa simba aliyesemekana amevuka mto, tulimwogopa mamba wa bondeni, tuliuogopa mwanzi wa ustadhi pale madrasa. Lakini mimi na wenzangu wa mtaa wa nyuma ya soko, zaidi ya hao wote, tulimwogopa mwanamke mmoja wa Kizungu ambaye hakuwahi kukanyaga Kibiti maishani mwake.

Niwaeleze taratibu, wadogo zetu wasije wakadhani natia chumvi. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Wenzangu mtakumbuka: sabuni iliyokuwa ikigombaniwa ikawa inapangwa dirishani kama mapambo, khanga mpya zikaning'inia hadi barazani, na mitumba ikamwagwa chini sokoni ikinuka dawa ya nondo. Katika fujo hiyo ya neema, Mzee Shomari, mwenye duka kubwa, akaleta televisheni, deki na jenereta, akaviweka kwenye ghala lake la zamani la korosho. Jioni wanaume waliangalia mikanda ya ngumi. Jumapili baada ya alasiri ilikuwa zamu ya kina mama na watoto. Tulikaa chini kwenye magunia, mafuta ya maganda ya korosho yakitunukia puani, kila mtu na mhogo wake wa kuchoma au kipande cha mkate wa kumimina kimefungwa kwenye pindo la khanga.

Kina mama hawakutaka ngumi. Waliangalia mchezo mmoja wa Waingereza ambao mpwa wa Mzee Shomari, aliyesoma huko, alirudi nao boksi zima la mikanda. Ulikuwa mchezo usiokwisha: mtaa mmoja, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, mvua haikatiki, na watu wanagombana kwenye chai. Katikati yao alikuwepo mama mmoja mwenye duka la mikate. Nywele zake nyeupe zilisokotwa kama andazi, mikono ameikunja kifuani, amesimama mlangoni. Wanawe watu wazima walimtetemekea, wakwe zake walilia, na hata mchungaji wao alipopita pale alivuka barabara. Alikuwa na mdomo, jamani! Hata bila kujua Kiingereza uliona neno likitoka na mtu likimpata.

Maneno yenyewe tulitafsiriwa na Bibi Pili. Huyu alikuwa dada yake babu yangu mzaa baba, kwa hiyo baba alimwita shangazi na sisi tulimwita bibi. Ujana wake alikuwa yaya kwenye nyumba ya mhandisi wa Kiingereza, na hapo mtaani hakuna mwanamke mwingine aliyekijua Kiingereza. Alikaa mbele kabisa kwenye kiti, peke yake, ugoro mdomoni, na kila yule mama wa mikate aliponyanyua kidole, Bibi Pili alinyanyua chake.

"Anasema hivi," ndivyo alivyoanza kila mara. "Anasema, 'Wewe mwanamke, wali wako umeungua tangu juzi, na sufuria bado unaikwangulia mlangoni kwa watu! Huna haya?'"

Ghala zima lilicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana Mama Chausiku, jirani yetu, ndiye aliyeunguza wali tangu juzi na kuikwangua sufuria mlangoni.

Jumapili nyingine ikawa, "Anasema, 'Kuna mtoto hapa anaiba sukari halafu anajaza mchanga kwenye kopo.'" Mtoto huyo nilikuwa mimi. Yule Mzungu alikuwa ananitazama usoni kabisa, kupitia kioo, na macho yake hayakupepesa.

Mtatucheka kwamba tuliamini anatuona. Lakini fikirini vizuri. Redioni tulikuwa tukisikia kila wiki salamu zikitajwa kwa majina, zimfikie fulani wa Mtunda na fulani wa Mtawanya, na watu hao tulikuwa tunawajua, tunateka nao maji. Kama sanduku lisilo na macho liliwajua watu wa Mtawanya, lile lenye kioo lingeshindwaje kutujua sisi? Kwa akili zetu hesabu hiyo ilikuwa sawasawa. Tukaanza kwenda video tumenawa miguu na kutubu.

Sasa mwaka huo dada yangu Siwema alikuwa ndani. Kwetu msichana akivunja ungo aliwekwa chumbani, akawa mwali, haonekani na mtu isipokuwa mama yake, kungwi wake na watoto wadogo kama mimi, mpaka mavuno yaishe na apigiwe ngoma ya kutolewa. Kungwi wake alikuwa huyo huyo Bibi Pili. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kukata boriti za mikoko kule Kiongoroni na kukaa huko wiki baada ya wiki, kabla ya kuondoka alimwambia mama neno moja mbele yetu: "Mama Siwema, mwanangu akionekana nje kabla ya ngoma, wewe fungasha urudi kwenu Mtawanya. Sitauliza mara mbili." Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ndiyo maana tulimwamini.

Siwema alikuwa na miezi saba mle chumbani. Kila Jumapili nikirudi kutoka video alinishika mkono: "Hebu nambie, Mwaju. Leo kasema nini yule bibi? Kamtukana nani?" Nikamwigizia. Akicheka aliuma shuka ili sauti isitoke. Na siku moja hakucheka. Akaniambia, "Nipeleke. Mara moja tu. Nikimwona mara moja nitatulia."

Mama alikuwa Mtunda, shambani, akiwinga ndege kwenye mpunga, na asingerudi kabla ya magharibi. Nilikataa. Siwema akalia kimya kimya, machozi yanadondoka kwenye mkeka, mpaka mimi mwenyewe nikatoa buibui la mama msumarini.

Njia ya kutoka kwetu hadi ghalani haikufika hatua mia mbili. Ninaikumbuka kama safari ya kwenda Kilwa. Nilimshika mkono. Jua lilimuumiza macho akawa anajikwaa. Waliotusalimia waliniona mimi, wakaliona buibui la mama, wakasema, "Shikamoo Mama Siwema," na mimi nikajibu kwa niaba, "Mama anaumwa jino." Tuliingia kwa kuchelewa, Bibi Pili akatutupia jicho mara moja, tukakaa nyuma kabisa.

Siwema alimwona yule mama wa mikate. Nilimsikia akivuta pumzi ndani ya buibui. Kwa muda wa dakika kama kumi nadhani alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote Kibiti nzima.

Kisha Mzungu akaja mlangoni kwake, akanyanyua kikombe, akanyanyua kidole. Na Bibi Pili, bila kugeuka nyuma, akasema, "Anasema hivi. Anasema, 'Buibui nalijua. Lakini hiyo miguu ni ya nani?'"

Nikatazama chini. Mama yangu alikuwa mkulima wa bondeni; visigino vyake vilipasuka kwa matope na jua mpaka unaweza kuficha punje ya mpunga ndani yake. Miguu iliyotokeza kwenye buibui ilikuwa laini, myeupe ya kukosa jua, kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Siwema akaivuta ndani.

Mama Chausiku akageuka. "Eti Mama Siwema, umepaka nini leo? Mbona miguu ya bibi harusi?"

Hata lile jino nilisahau. Ndipo Bibi Pili akapaza sauti kule mbele: "Anasema tena! Anasema, 'Wewe unayegeuza shingo, kwako kuna watoto hawajala tangu asubuhi, umekuja kuhesabu miguu ya wenzio?'" Watu wakaangua kicheko, Mama Chausiku akageukia kioo, na mimi nikamvuta dada tukatoka kwa kuinama.

Wiki iliyofuata hatukula tukashiba. Kila mlango ulipobishwa Siwema aliruka. Na jambo lililotumaliza ni hili: Jumatano, kisimani, Mama Chausiku alisikia kwamba Jumapili ile alasiri mama yangu alikuwa shambani Mtunda, ameonekana na watu. Sasa aliyekuwa ndani ya buibui alikuwa nani? Swali hilo likatembea mtaani. Jumamosi baba akarudi kutoka Kiongoroni.

Jumapili nilikwenda video peke yangu, si kwa kupenda. Nilitaka kujua kama Mzungu atatutaja kwa majina. Mikanda ya lile boksi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Mzee Shomari aliurudisha mkanda wa Jumapili iliyopita ukaanza upya. Nikaona mlango ule ule. Kikombe kile kile. Kidole kile kile kikanyanyuka, na mimi nikaziba masikio nusu, maana nililijua neno linalokuja.

"Anasema hivi," akasema Bibi Pili. "Anasema, 'Pilipili za mtu haziamki usiku zikahamia kikapu cha jirani.'"

Mdomo wa Mzungu ulikuwa umecheza pale pale, vile vile, lakini neno la miguu halikuwemo. Niliangalia tena na tena, hadi mwisho. Hakuna hata neno moja lililorudi kama lilivyokuwa. Ndipo nikaelewa kwamba yule mama wa mikate hajui chochote kuhusu Kibiti, na hajawahi kuniona. Aliyejua alikuwa Bibi Pili.

Labda mtadhani nilipumua. Niliogopa zaidi. Mzungu alikuwa ng'ambo ya bahari. Bibi Pili alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ndiye kungwi, mwenye haki ya kumwambia baba kila kitu.

Mkanda ulipoisha akanikamata mkono mlangoni. "Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Twende kwa baba yako."

Tulimkuta baba amekaa kwenye kigoda uani. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, na miguuni pake palikuwa na furushi la nguo limefungwa kwa khanga. Alikuwa halii. Alikuwa anatazama kuku. Nikajua tumechelewa.

Baba akasimama kwa heshima. "Shangazi, afadhali umekuja. Wewe ulikuwepo siku hiyo. Mtaa mzima unaniambia miguu ya mwanangu imeonekana kwenye video. Ni kweli?"

Nikasubiri.

"Saidi," akasema Bibi Pili, "mwali ni wa nani?"

"Wangu, shangazi."

"Wako wa kuzaa. Wa kufunda ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi nimemtoa miye. Nilimwona anafifia kama mche uliofunikwa na ndoo. Nikamtuma huyu mtoto amlete, akae nyuma yangu, asikie watu wanavyotukanwa, maana huko anakokwenda kuolewa atatukanwa na hatakuwa na pa kukimbilia. Mkeo hakujua. Sasa unataka nani afungashe? Nifungashe miye? Kwetu ndiyo hapa hapa, sijui utanipeleka wapi!" Akatema ugoro kando. "Na wewe unayekaa Kiongoroni mwezi mzima na kurudi na sheria tu, paa la chumba cha huyo mwali linavuja. Panda ukalizibe."

Baba akalitazama lile paa. Alimjua shangazi yake kuwa hasemi uongo, maana maisha yake yote alikuwa akisema ukweli mpaka watu wakahama baraza. Hatimaye akamwambia mama, bila kumtazama, "Rudisha nguo ndani."

Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani mambo yamekwisha. Hayakuisha. Kungwi aliyemtoa mwali nje kabla ya siku yake haaminiwi tena, na Bibi Pili alilijua hilo kabla hajafungua mdomo. Mavuno yalipoisha, ngoma ya Siwema ilipopigwa, mkono wake ulishikwa na kungwi mwingine aliyeletwa kutoka Ikwiriri. Bibi Pili alikaa na wageni, pembeni, kama mtu aliyepita njia. Tangu siku hiyo hakuletewa mwali mwingine mpaka alipofariki. Hakuna hata mmoja aliyemsikia akilalamika, wala akisema kwamba alijisingizia.

Leo mabinti zangu wanaangalia michezo ya nchi zote, maandishi yanapita chini, kila mmoja na waya wake sikioni. Wanasema mtafsiri wetu alitudanganya, na ni kweli. Wao hakuna anayewadanganya, na hawaogopi kioo. Wana raha hiyo, na mimi siwaonei wivu wala siwalaumu.

Ila mwezi uliopita, kwenye kundi la simu la kina mama wa mtaa wetu, mmoja alituma picha ya binti wa jirani akiwa stendi na sare ya shule, saa za masomo, na kijana amemshikia begi. Kabla chai yangu haijapoa walikuwa wameshaandika wanawake kumi na tisa. Mama yake binti alikuwemo humo humo, anasoma, haandiki. Nilichukua simu, nikaandika, "Nimemtuma mimi." Nikafikiria watakavyonitazama dukani, nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta tena.

Wenzangu tuliokua pamoja, tulimcheka sana bibi yule kwa mdomo wake. Hata mimi sikujua una uzito gani, mpaka siku hiyo niliposhindwa kuubeba.