Jinsi nilivyojikuta nashangilia goli la timu ya baba mkwe dhidi ya timu yangu mwenyewe

Wakuu, salaam kutoka Gaithersburg, Maryland.

Haya yametokea sebuleni kwangu msimu uliopita. Mke wangu naye yumo humu, anasoma kimya kimya, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Mimi ni Mbongo, nafanya IT, siku nyingi nafanyia kazi nyumbani. Mke wangu Nekesa ni Mkenya wa Bungoma, nesi, zamu za usiku. Baba yake alikuja kukaa nasi, na ligi ya England ilipokuwa inakaribia kuanza akafanyiwa operesheni ya kubadilishwa goti.

Sasa mchana Nekesa amelala, wa kumwangalia mzee ni nani? Mkwe.

Kwa ambao hamjaoa: baba mkwe haamrishwi. Unaomba. Akikataa, unaomba tena kwa sauti ndogo zaidi.

Na mzee alikuwa hataki mazoezi kabisa. Therapist wa mazoezi akija, anatabasamu na kukunja goti anavyoambiwa. Mama wa watu akitoka tu mlangoni, mzee huyo kwenye kochi, walker yake ya kujishikiza akitembea kaisukumia ukutani.

Kitu pekee kilichokuwa kinamtoa usingizini ni timu yake. Jina silitaji, nina huruma na wagonjwa. Mimi nashabikia mahasimu wao wa mji wa jirani, na mzee analijua hilo tangu siku nilipokwenda kujitambulisha kwao. Alisema, "Kijana ni mzuri. Shida ni hiyo team tu."

Basi Jumamosi moja asubuhi, tunasubiri mechi, nikapata akili. "Baba, naomba tukubaliane. Timu yako ikifunga, unatembea mpaka jikoni na kurudi. Kila goli."

Akacheka. "Sawa. Na zikiwa kumi nitatembea mpaka Bungoma."

Wakuu, sikujua nimeingia mkataba na watu gani.

Mechi ya kwanza, bila bila. Ya pili wamefungwa. Ya tatu bila bila tena, na straika wao alikosa goli ambalo hata mimi na hii laptop mapajani ningefunga. Mzee amekaa ametulia, mguu kwenye mto, anafurahia timu yake kutofunga kuliko hata wapinzani.

Nikaomba basi tuhesabu na kona. Akaniangalia kwa huruma. "Kona si goal. Huko Tanzania mnahesabu kona?"

Nekesa alipougundua huo mkataba alikuja juu. "Baba, daktari alisema mara tatu kwa siku, si mara tatu kwa season!" Kisha akanigeukia mimi. Aliyosema hayaandikiki hapa.

Halafu siku moja wakafunga! Mzee akainuka, akashika walker, akaanza safari. Kafika nusu ya njia, VAR ikafuta goli.

Akasimama palepale. "Sasa hii nusu nimetembea, nani atanirudishia?"

Nilicheka, lakini wiki hiyo hiyo kicheko kikakata. Therapist alipima goti, akatuita pembeni mimi na Nekesa. Goti linakakamaa. Lisipokunjika vizuri mpaka siku ya kumwona daktari, watalazimika kumrudisha hospitali, wampige nusu kaputi na kulikunja kwa nguvu.

Nekesa alilia jikoni. Mzee ana presha, na yeye kama nesi anajua nusu kaputi ina maana gani kwa mtu kama huyo. Nikajisikia vibaya sana, maana mpango wa kuchekesha ulikuwa wangu.

Tulimwambia mzee ukweli. Baadaye akaniambia mimi peke yangu, "Inauma, kijana. Si kwamba nakataa. Inauma na sitaki Nekesa aone."

Kumbe ndiyo hivyo.

Kwa hiyo tukaanza kutembea Nekesa akiwa amelala, bila goli lolote. Alikuwa anauma meno, mimi namsimulia udaku wa usajili ili asisikie maumivu. Lakini walker haiachi. Anaishika kama usukani.

Ndipo kombe la ligi likatukutanisha. Timu yake na yangu. Siku ya kazi, mchana kwa saa za huku. Nikaomba ruhusa kazini, na rafiki yangu Trésor, Mkongo anayekaa Columbia Heights, akaja kavaa jezi kama yangu.

Tukafunga sisi kwanza. Trésor akacheza sebule nzima. Mzee anatazama goti lake.

Dakika za mwisho kabisa, krosi, kichwa, nyavu. Wao!

Wakuu, niliruka. Nilipiga kelele "Gooooli!" mpaka Nekesa akaamka na kushuka mbio akidhani mzee kaanguka.

Trésor alishika kichwa. "Mais toi, unafurahia nini? Ni sisi tumefungwa!"

Macho yangu yalikuwa jikoni. Mzee alikuwa kasimama kwenye sinki, mikono hewani, anaimba jina la mfungaji. Walker ilikuwa huku kwetu, pembeni ya kochi.

Akaishiwa wimbo, akatazama chini. "Nani amenileta huku?"

Nekesa akasema taratibu, "Ni wewe, Baba. Sasa rudi."

Akarudi. Polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta, lakini akarudi.

Ikaenda penalti. Mzee akauliza kama penalti zinahesabiwa. Nekesa akamjibu, "Zote. Na za wale wengine pia." Wakatutoa, na mzee akatembea zote.

Daktari alipomwona, goti lilikunjika vya kutosha. Hakurudi kwenye nusu kaputi.

Msimu? Raundi iliyofuata wakafungwa na timu ya daraja la chini. Kwenye ligi walinusurika kushuka siku ya mwisho kabisa. Sisi tulimaliza katikati bila kombe lolote. Trésor alinishtaki kwenye group la mashabiki, nikatolewa kwa usaliti, na mpaka leo sijarudishwa.

Mzee kaondoka juzi. Pale uwanja wa ndege wa Dulles Nekesa alikuwa amemwombea wheelchair. Ilipoletwa, mzee akamsalimia aliyeileta, akaweka mkoba wake juu ya kiti, akakisukuma mwenyewe mpaka kwenye ukaguzi. Hakugeuka nyuma. Nekesa alilia na kucheka kwa pamoja.

Nilichojifunza: mzee akikataa mazoezi, usikimbilie kumwita mkaidi. Muulize kwanza kama inauma, na umuulize mkiwa wawili tu.

Na mkwe mwenzangu, ukitaka kuweka mkataba wa magoli, chunguza kwanza straika ni nani.

Haya, mashabiki wa timu ya mzee najua mmeshajitambua. Karibuni mnitukane. Na wenye wazazi wanaouguza magoti, mliwashawishi vipi?