Randa ya Fundi Taratibu

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Taratibu, kwa sababu kila mteja aliyemharakisha alijibiwa neno hilo moja, fundi akiwa hajainua uso kutoka kwenye ubao. Walimtania kwamba ukimwagizia kitanda cha mtoto, mtoto atakuja kukichukua mwenyewe akiwa na mchumba. Lakini milango yake mpaka leo inafunga. Hii ya kiwandani tunayouziwa siku hizi, ikipigwa na mvua moja tu, inavimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Nilikuwa nikikaa karakanani kwake karibu kila asubuhi, juu ya benchi lililojaa maranda, nikimsomea gazeti naye akifanya kazi. Humo ndimo nilimoijua randa ya marehemu baba yake. Ilikuwa fupi, ya mti mweusi, na kisu chake kilichongwa namna ya kuacha mfuo wenye mgongo katikati, ule uliozunguka fremu za milango yao yote. Mzee aliitengeneza kwa mikono yake. Ubavuni palikuwa na kishimo kilichochimbwa na dole gumba, kwanza la baba, kisha la mwana. Binti pekee wa fundi alipoanza kupenda mbao, baba yake alimwahidi mbele yangu kwamba siku atakapofungua karakana yake, randa ile itakuwa yake. Hakuwa na urithi mwingine wa kumpa, na hakuona kama unahitajika.

Siku hizo makumbusho yalikuwa na mtunzaji mmoja, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyefungua mlango mwenyewe na kufagia mwenyewe. Yeye na fundi waliitana shemeji, ingawa hawakuwa wameoleana hata paka. Siku moja alikuja karakanani akasema, "Shemeji, niazime randa ya mzee niiweke kwenye kabati la kioo, watoto wa shule waione. Ukiihitaji utaikuta."

Fundi aliifuta kwa shati lake, akampa.

Hawakuandikiana. Kwa watu wale, kuandikiana kitu cha kuazimana kulikuwa sawa na kumwambia mwenzako usoni kwamba humwamini. Kwenye kadi ya randa mtunzaji alijaza aina ya mti, urefu na kazi yake. Palipouliza mwenye mali ni nani, akapaacha wazi, maana mwenye mali alikuwa hai na njia ya kwake inajulikana. Fundi alipopita huko alifunguliwa kabati, akakipaka kisu mafuta, wakanywa chai, akarudi kazini. Hakuna aliyemwomba kitambulisho.

Mtunzaji akafa. Wakaja wapya, na kompyuta zao. Gazeti likaandika kwa shangwe kwamba vitu vyote vya makumbusho vitawekwa mtandaoni, ulimwengu mzima uvione bure, na kwamba taarifa zake zitasafishwa mpaka zifikie kiwango cha juu. Nilimsomea fundi habari hiyo. Akasema ni jambo jema. Nami, na ujinga wangu, nikaitikia.

Binti alipopata chumba cha kupanga kwa ajili ya karakana, fundi alivaa koti lake la misibani na harusini, tukaenda kuichukua randa. Tulipokelewa na dada mmoja kijana, mwenye adabu zake, siwezi kumsingizia. Aliitafuta kwenye kompyuta, akaipata upesi, akatugeuzia kioo tuone picha.

"Hapa inaonyesha ni mali ya makumbusho, wazee wangu."

Fundi akamweleza habari ya shemeji yake. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza na yeye. Walipoanza kusafisha taarifa walikuta kadi nyingi mno ambazo mahali pa mwenye mali palikuwa patupu. Taarifa yenye pengo haikubaliki kuwekwa mtandaoni. Kamati ikakaa, ikaamua mapengo yote yajazwe neno lilelile, yakajazwa yote kwa pamoja, kwa kubonyeza mara moja. Tangu hapo, alisema, kazi yao imesifiwa hata na wageni.

Nikamwambia mimi ni shahidi, nilikuwa nimekaa pale pale randa ilipotoka mkononi. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma.

"Babu, ushuhuda wa mdomo hauna pa kujazwa."

Fundi hakugombana. Aliuliza tu kama anaweza kuipaka mafuta. Akaambiwa vitu havishikwi tena, vimefungiwa stoo, na anayetaka kuona aangalie picha.

Binti yake hakukubali. Chini ya picha palikuwa na mahali pa kubonyeza ili kusaidia kuboresha taarifa, naye akaandika kila kitu: nani aliitengeneza, nani aliiazima, kwa maneno gani. Majibu yalikuja na shukrani tele. Jina la babu yake likaongezwa. Mwenye mali akabaki yuleyule.

Alikuja na simu karakanani kumwonyesha baba yake. Aliivuta picha ikawa kubwa mpaka kishimo cha dole gumba kikajaa kioo kizima, na fundi akaweka kidole chake juu ya kioo, picha ikaruka pembeni. Tulicheka, sote watatu. Kisha binti akairudisha, ikatua kwenye kisu, na hapo fundi akaichukua simu akaisogeza karibu na macho. Kisu kilikuwa kimeota kutu, madoadoa ya rangi ya chai.

"Hawaipaki mafuta," alisema.

"Nitawaandikia tena, baba."

"Acha. Mwenyewe ataona."

"Mwenyewe ni nani?"

"Waulize wao. Si wameandika?"

Akarudi kwenye ubao wake. Binti alifungua karakana kwa mashine ya umeme ya mkopo, na milango yake haina mfuo. Mimi huomba nifunguliwe ile taarifa mara mojamoja. Imekamilika sasa, haina pengo hata moja. Jina la mtengenezaji lipo, urefu upo, aina ya mti ipo. Na kwenye hali ya kifaa wameandika: nzuri.